Maji ya Ziwa Mbele ya Leza

Mpaka leo sipendi kuzima taa za maabara, hata saa sita mchana, na mimi si mtu wa kuamini mizimu. Nafundisha fizikia chuoni hapa Mwanza. Tuna leza ndogo ya bluu, na kila mwaka nawaambia wanafunzi waje na maji ya ziwa kwenye chupa. Tunafunga mapazia, tunavaa miwani ya kinga, namulika. Yale maji ya kijani yanawaka mekundu. Ni mwani, vile vijimea vya kijani vya ziwani: molekuli zake zinameza mwanga wa bluu, kisha zinatoa mwekundu. Nami kwa mbwembwe zangu huwa nasema, "Kilichomo humu hakijifichi. Kila kitu kina mwanga wake."

Mwaka juzi binti mmoja aliyachukulia maneno hayo kama yalivyo. Wenzake walipotoka alibaki, akaweka chupa yake mezani. Maji aliyachota kwenye njia ya kwenda Sengerema, pale mtumbwi wa baba yake ulipopinduka. Baba hakuonekana tena. Kwao, mtu akipotelea ziwani huzikwa tunda refu la mti wa mwegea badala ya mwili, ndipo msiba uishe. Mama yake alikataa katakata. Kila jioni bado alimwekea mumewe chakula, na mashemeji walishaanza kusema amerukwa na akili.

"Mwalimu, naomba uangalie kama yumo."

Nilitaka kumfokea. Mtu yuko mwaka wa pili, halafu ananiuliza mambo kama hayo. Lakini alikuwa ameshavaa miwani. Nikamulika. Mstari mwekundu ukatokea, mzito kuliko wa wenzake wote, na jamani, niliogopa. Nikamweleza kwamba ni mwani tu, leza haimjui mtu. Akaitikia kwa kichwa, akaupiga picha kwa simu, akashukuru.

Wiki chache baadaye alikuja na mama yake. Walikuwa wameshazika lile tunda. Mama alinisalimu kwa kupiga goti, mimi niliye mdogo kwake, nikaona aibu mpaka nikakosa pa kutazama.

"Asante kwa kumwona mume wangu," alisema.

Binti alisimama nyuma yake, ananikazia macho. Maelezo yote nilikuwa nayo, na ubao ulikuwa pale pale.

"Alikuwaje?" mama akauliza.

"Ametulia," nikasema.