Hofu ya Mama wa Duka la Dawa

Juzi nilipigiwa simu nikiwa sokoni Machakos, nikaambiwa yule mama wa duka la dawa ameaga dunia. Niliketi kwenye kreti ya soda ya mtu bila hata kuomba ruhusa. Wasomaji wangu mtanisamehe nikiacha siasa leo. Nimeikumbuka upya siku ile alipokuja kijijini kwangu Kalama.

Binti yangu alikuwa na homa, nami nilikuwa nimemnunulia dawa kwa mama huyo asubuhi. Nilimpa kijiko, akalala, nikafurahi nikidhani homa inashuka. Nilikuwa nikikatia ng'ombe nyasi pikipiki ilipoingia uani, mama akaruka kabla haijasimama, buibui lake limejaa vumbi.

"Umempa ile dawa?"

"Nimempa. Ametulia, amelala."

"Muamshe! Ile ni ya kikohozi, ya watu wazima. Nilichanganya chupa. Muamshe, baba!"

Hakuamka. Nilimtikisa, nikamwita, shingo ikalegea mkononi mwangu. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja tena. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki hiyo hiyo, mama nyuma yangu akimpapasa uso na kumwita Mola wake. Kwenye benchi aliniambia kwamba alikuta chupa ya binti yangu bado iko kaunta, akajua amenipa nyingine. Namba yangu ya simu hakuwa nayo. Alijua tu natoka Kalama, akaenda akiuliza boma baada ya boma ni nani ana mtoto mgonjwa. Jioni daktari alitoka akasema mtoto ameamka na anaitisha uji. Tulilia sote wawili.

Baada ya hapo alipanga duka upya. Dawa za watoto alizihamishia ukuta wa peke yake. Alinunua kompyuta, akaweka namba ya simu ya kila mteja, na hakuna chupa iliyotoka kabla ya mfanyakazi wa pili kusoma jina la dawa kwa sauti. Wateja walinung'unika. Nilimsikia mmoja akifoka, "Kwani hapa ni benki? Nataka tu dawa ya kichwa!" Mama akamjibu kwa upole, "Nipe tu namba, dada. Nikikosea, nataka nikupate kabla hujafika nyumbani." Ajabu ni kwamba foleni ilipungua, kwa sababu hakuna aliyepoteza muda tena akipekua rafu.

Sasa nasikia watakaorithi duka wanaona kule kusoma kwa sauti ni kuchelewesha watu. Nimeogopa, na sioni haya kusema. Nilizoea kudhani mifumo ni ya kampuni kubwa, na kwamba duka dogo linahitaji tu mwenye duka mwaminifu. Mama huyu alikuwa mwaminifu kuliko wengi wetu. Asubuhi ile alikuwa amechoka tu. Mwenye biashara anayewapenda wateja wake na aipange kazi yake kwa ajili ya siku kama hiyo ya uchovu, maana itamfikia, na mteja hatajua kwamba imefika.