Zuhura na Ujumbe Usioamkia

"Mmenipa cheo, kazi hamkunionesha," Zuhura alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Meneja wa bidhaa. Bidhaa ipi? Stoo siioni, kabatini siioni. Nasimamia upepo?"

"Bidhaa ni ule ujumbe, dada," Kelvin akajibu kwa upole wa mtu aliyezoea kufokewa. Kampuni ilikuwa yake.

"Basi ujumbe wenyewe hautakiwi na mtu."

Hapo hakudanganya. Miaka ile biashara ya simu ilikuwa imefunguliwa, minara inaota milimani kama uyoga, na kila kijana aliyegusa kompyuta Morogoro mjini alijiona tajiri. Kelvin alianza na chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, sasa anavyo vitatu. Kila alfajiri kampuni iliwatumia wakulima wa ndizi bei za sokoni na hali ya hewa kwa simu. Lakini wa Matombo, kule milimani, walikuwa wanajitoa mmoja mmoja, na Kelvin alishasema mwezi ukiisha hivi, huduma inafungwa. Ikifungwa, Zuhura anarudi kuuza ubuyu kwa mama yake, kazi aliyoikimbia akawa mpokea simu wa ofisi, mpaka juzi alipovishwa cheo.

"Nilivyofundishwa Dar," Kelvin akasema, "meneja wa bidhaa hajifanyi anajua. Anakwenda kwa watumiaji, anauliza, anasikiliza. Kisha anachagua jambo moja, analijaribu kwa watu wachache."

"Kumbe ni umbea wenye mshahara. Huo naujua."

Akapanda Fuso la ndizi mpaka Matombo, akashuka na vumbi hadi kwenye kope. Mtu wa kwanza kujitoa alikuwa Bibi Cecilia, mwenye migomba kuanzia nyuma ya nyumba hadi mtoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unayo adabu, si kama mwenzenu."

"Mwenzetu yupi?"

"Huyo anayeniandikia kwenye simu. Hata sijanawa uso, hajaniamkia, keshanitajia ndizi. Mtoto niliyemzaa hathubutu. Nikamfukuza."

Zuhura akazunguka kwa majirani. Wote walikuwa na kinyongo hicho hicho, na wawili walidhani ni kijana fulani wa mjini aliyelelewa vibaya.

Aliporudi, Collins, fundi aliyeitunga programu, alicheka mpaka akavua miwani.

"Kompyuta iamkie watu?"

"Iamkie."

"Nafasi hakuna. Ujumbe umejaa, ukizidi tunalipia jumbe mbili."

"Basi tupunguze. Hii hali ya hewa ya nini? Mluguru wa Matombo akiinua macho mlimani, mvua kaiona kabla yako."

Collins akanuna kama aliyetukaniwa mwana. Hali ya hewa ndiyo aliyoikeshea. "Na kijana mdogo akipewa shikamoo na mashine?"

"Mdogo akiamkiwa hafi. Mkubwa asipoamkiwa ndiyo hayo, tunafunga ofisi."

"Hao bibi zako wakirudi kwa sababu ya salamu, nitaipikia ofisi wiki nzima."

"Kelvin, wewe ni shahidi."

Hawakuwatumia wote. Zuhura aliwaomba ruhusa Bibi Cecilia na majirani zake tu, na asubuhi yake wakapata shikamoo kwanza, bei baadaye. Kabla chai haijapoa, kompyuta ya ofisini ikalia kwa jibu. "Marahaba." Ikalia tena. "Marahaba mwanangu, mmeamkaje huko?" Kisha Bibi Cecilia: "Marahaba. Zangu nakata Jumatano. Anayetaka alete gari, njia imekauka."

Wanaume wawili wakatazamana. Katika mipango yao yote hawakuwahi kufikiri kwamba mkulima naye ana la kusema. Zuhura hakuwa na muda wa kushangaa, tayari alikuwa anampigia mnunuzi.

Bibi Cecilia akauza mzigo wote shambani, na habari haikuhitaji mnara kufika kijiji cha pili. Waliojitoa wakaomba warudishwe, wakaleta na mawifi zao. Kelvin akaacha kuzungumzia kufunga, akaanza kuulizia chumba cha nne.

Jumatatu Collins akapika. Ugali ulikuwa umeungua chini na mbichi katikati, dagaa wana mchanga wao wote. Kelvin alitafuna huku ameangalia dirishani. Jumanne Collins alipoinua tena sufuria, Zuhura akamnyang'anya mwiko.

"Kaa chini, mdogo wangu. Deni lako nimelisamehe."

"Lakini wiki haijaisha, dada."

"Lote. Wateja tumewapata, sasa wewe unataka kutumalizia wafanyakazi."