Kisogo Mbele ya Mkaguzi

Sisi wanafunzi watu wazima tulimwita Kisogo, na jina likamkaa. Alifundisha Kiingereza kwenye chumba cha juu ya karakana ya seremala, na tangu anaingia mpaka anatoka uso wake ulikuwa ubaoni. Sisi tulitazama vibanio vya nywele tu. Akupaye kisogo si mwenzio, walisema wahenga. Basi wahenga hawakusoma kwa Kisogo! Mimi fundi cherehani niliyeshindwa shule, kwake nimeelewa.

Siku moja nikimpima sketi aliniambia sababu. Alipokuwa mdogo alisimamishwa mbele ya darasa akajikojolea, wakamcheka. Tangu hapo macho ya watu humtia kiwewe.

Mkaguzi wa elimu alipokuja, somo lilikuwa *in front of*. Kisogo alikuwa anamsahihisha mwenzetu mmoja, fundi bomba: gari likiwa mbele ya nyumba, sawa, *in front of*. Lakini duka la ng'ambo ya barabara, linalotazamana na nyumba, ni *opposite*.

"Mwalimu, geuka," mkaguzi akasema. "Anayefundisha ukuta simhitaji. Ukishindwa, leo ndiyo mwisho wako hapa."

Chaki ikakatika. Jamani, niliogopa! Nilijua atakimbia, na akikimbia hatarudi tena.

Nikainuka. "Geuzeni viti, tutazame nyuma!"

"Dada, umerukwa na akili?" fundi bomba akauliza.

"Geuza, maneno baadaye!"

Viti vikakwaruza sakafu. Tukautazama ukuta wa nyuma, mkaguzi peke yake akabaki anatazama ubao. Nikasikia viatu vya Kisogo vinatembea. Vinaelekea mlangoni?

"*What is in front of you?*" Sauti ilikuwa mgongoni kwangu kabisa, inatetemeka.

"*The wall is in front of us!*" tukaitikia.

"Vizuri. Na kuna maana nyingine. Jambo likitendeka watu wanatazama, hilo nalo ni *in front of*. *They laughed at me in front of the class.*"

Nikamsikia anavuta kamasi, anajifuta.

"Sasa geukeni," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Itakuwaje mmoja wetu akicheka? Huyu fundi bomba hajui kufunga mdomo, angecheka hata msibani! Nikageuka polepole.

Masikini, machozi alikuwa amejifuta kwa kifutio cha ubao. Uso mzima ulikuwa mweupe kwa chaki, macho mekundu katikati, na anatutazama mmoja mmoja. Nikauma mdomo. Fundi bomba akashika magoti yake kwa nguvu, akatazama sakafu.

"Endelea, mwalimu," mkaguzi akasema taratibu, akafunika kalamu yake bila kuandika kitu.

Kisogo akashusha macho, akakiona kifutio mkononi, akajigusa shavu. Akaanza kucheka mwenyewe. Ndipo na sisi tukacheka.