Chupa Ambayo Haikuchomwa

Mama Chupa alikuwa fundi wa maabara yetu. Kwa miaka kumi na tisa alilea vijidudu wasiovumilia hewa, ndani ya chupa zenye vizibo vya mpira, kwenye kabati la joto. Walikula, wakatoa gesi ileile inayowaka jikoni. Kila asubuhi aliwasalimu wao kwanza, ndipo akatukumbuka sisi wenye miguu. Mimi, mwanafunzi wake, aliniita Bi Haraka, na jina lilinifaa.

Mwaka wake wa mwisho kazini, profesa wetu alinipa kazi ya kuwaachisha vijidudu methanoli, chakula walichokizoea, niwape siki. Nikawapa. Gesi ikakatika. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu vilevile. Profesa akasema, "Ijumaa zikiwa bado hivi, chupa zote zitupwe. Kabati linahitajika." Ijumaa hiyohiyo Mama Chupa alikuwa anastaafu. Hakubisha, ila mchana ule hakugusa chakula chake, na roho iliniuma.

"Wamekufa, mama?"

"Wafe kwa nini?" Akavuta kiti. "Kila mmoja ana jeni za kula methanoli na jeni za kula siki. Haziwashi zote pamoja, atajichosha bure. Methanoli ikiwepo, za siki anazizima. Ikiisha, anaziwasha, lakini taratibu, maana siki ni chakula kigumu na faida yake kiduchu. Wewe ukihamia nyumba mpya, siku ya kwanza utajua swichi ilipo?"

"Lakini wiki tatu!"

"Hata tano. Na uache kuwachoma, kila tundu linaingiza hewa. Mgonjwa hachomwi sindano kila saa kuulizwa kama amepona."

Kweli, nilikuwa nachoma vizibo kwa sindano kila asubuhi kupima gesi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Jumanne, alipotoka, nilidondosha methanoli kidogo katika kila chupa. Nilitaka aondoke akiwa na furaha, basi. Alhamisi gesi ilikuwa tele. Alizitazama chupa, akanitazama mimi.

"Umewapa nini?"

Nikamwambia.

"Walikuwa wameanza kuziwasha za siki," alisema polepole. "Sasa wamezizima tena."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Nilijiona sina maana hata kidogo.

Ijumaa asubuhi nilimkuta amepiga magoti mbele ya kabati, mkono wote umezama nyuma ya rafu ya chini. Akatoa chupa moja. Vijidudu wake walikuwa wamepewa siki tu tangu siku ya kwanza, na kizibo chake hakikuwa na tundu.

"Uliificha?"

"Nakujua, Bi Haraka." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Shika sindano. Taratibu."

Profesa alikuwa amesimama mlangoni na orodha yake ya vitu vya kutupwa. Nilichoma kizibo. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kisha kisukumio cha sindano kikaanza kupanda chenyewe, kidogo, kikasimama, kikapanda tena. Gesi ilikuwa inakisukuma. Walikuwa wanakula siki.

Profesa aliinama akatazama kwa muda. Akachana orodha yake, akasema kabati libaki, akaondoka.

Nililia, sioni haya kusema. Mama Chupa yeye alifungua daftari la chupa. Kila ukurasa una mstari wa juu wa kuandika jina la mlezi, na kwa miaka kumi na tisa ulikuwa na jina lake tu. Alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikangoja aniulize jina langu kamili linaandikwaje, maana alikuwa hajawahi kuliita.

Hakuuliza. Aliandika "mwanangu", akanikabidhi daftari, akaenda kunawa mikono.