Koti Refu la Chumba cha Kufungashia

Katika kiwanda cha maziwa, mwanamke aliyesimama mlangoni pa chumba cha kufungashia aliitwa Bi Kola. Kazi yake ilikuwa kukagua mavazi. Kofia ifunike nywele zote, kucha ziwe fupi, pete zibaki nyumbani, na mikono ya koti jeupe ifike hadi kwenye vifundo vya mikono, kwa sababu mashine ya kuziba pakiti huunguza. Asiyetimiza hakuingia, na kibarua cha siku hiyo kilikuwa kimeota nyasi.

"Bi Kola, hata bwana harusi hakunikagua hivi," wanawake walimtania.

"Bwana harusi hafungashi maziwa. Kavue hereni."

Makoti yalikuwa mali ya kiwanda. Mtu akiacha kazi, koti lilirudi stoo, likafuliwa, likavaliwa na mwingine. Akifa, Bi Kola mwenyewe alikwenda kulichukua. Aliwahi kuanua la fundi mitambo kwenye kamba, huku mjane akimtazama.

Kisha binti yake, aliyefanya kazi kwenye mashine hiyo ya kuziba, akashikwa na homa ya mapafu, akafariki. Binti alikuwa mrefu kama mlingoti. Mama alikuwa amemwongezea kitambaa kwenye mikono ya koti, na kipande hicho kilikuwa cheupe kuliko koti lenyewe.

Mtunza stoo, mtu wa huruma, alimnong'oneza: "Dada, hilo baki nalo. Nitasema limechanika."

"Na mjane wa fundi nimtazame kwa macho gani?"

Akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha. Wapo waliosema hana moyo. Mimi naona kwamba angelificha, angekuwa amewaibia wote aliowahi kuwanyang'anya.

Akaajiriwa msichana mgeni, naye mrefu. Kila koti aliloletewa lilimwishia karibu na kiwiko.

"Mruhusu leo tu," mtunza stoo akasema.

"Aungue leo tu?" Bi Kola akamgeukia mtunza stoo. "Lipo refu. Unalijua. Lilete."

Likamkaa msichana kana kwamba lilishonwa kwa kipimo chake. Alipoingia, wafungashaji wakalitambua koti. Akapangiwa mashine ile ile, akawapa mgongo. Bi Kola aliyaona mabega yale, na jina la nyumbani la mwanawe likamtoka kabla hajajizuia.

"Kidosho, kofia!"

"Abee, mama," msichana akaitika bila kugeuka, akaisukuma kofia vizuri.

Bi Kola akashika mwimo wa mlango.

Tangu hapo alimwona kila mahali: ngazini, kwenye foleni ya chai, kwenye sinki akinawa. Kwa mbele alikuwa mtoto wa watu. Kwa nyuma alikuwa mwanawe. Nyumbani Bi Kola hakuota ndoto yoyote. Marehemu alikuwa kazini.

Siku moja msichana akamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, koti mkononi.

"Mama, wanasema hili ni la marehemu. Linanitia hofu. Nipe lolote, hata fupi."

"Ukiwa na fupi huingii."

"Kwani lilikuwa la nani?"

"La binti yangu."

Msichana akakaa kwenye benchi. "Pole, mama. Basi wewe ndiye unayeumia kuliko mimi. Ukitaka, nitaondoka. Sitakulaumu, nitatafuta kazi kwingine."

Neno moja tu, na mgongo ule usingeonekana tena pale kiwandani. Bi Kola alilifungua koti, akalishika kwa mabega kama mtu anayemvisha mtoto.

"Wewe huna kosa. Ingiza mkono."

Akamfunga kifungo cha juu, akamnyoosha kola, akakagua kucha moja baada ya nyingine.

"Uko sawa. Ingia."

Bado anakagua mpaka leo, wala hajalegeza chochote. Ila msichana yule akishampita, Bi Kola hugeukia ukuta, akasikiliza nyayo zikielekea kwenye mashine, mpaka mlango ujifunge.