Mnyama wa Ishirini na Moja

Mume wangu Orrin Pruett amepandisha wageni kwenye milima ya Idaho, huku Marekani, miaka arobaini na mmoja, na hajapoteza hata mmoja, ingawa wawili watatu niliomba wapotee. Msitu ni wa watu wote, kwa hiyo anayepeleka wageni humo kibiashara lazima awe na kibali. Cha Orrin kinasema wanyama ishirini wa kupanda na kubeba mizigo, basi. Ukizidisha unanyang'anywa, na Orrin bila kibali angekaa barazani mpaka aote majani.

Tulikuwa na nyumbu kumi na tisa, hawa wanaozaliwa na punda na farasi, na farasi jike wa kijivu, Pearl, aliyevaa kengele. Nyumbu huifuata kengele ya farasi jike popote. Mmoja wao, Duke, aliwahi kulipiga teke wingu la mvua likaenda kunyesha Montana, jimbo la jirani. Nililiona likipita.

Kiangazi kile Pearl alinenepa.

"Majani ya mwaka huu mazuri," alisema Orrin.

Asubuhi moja, kambini, mwendo wa siku nzima kutoka barabarani, tukamkuta Pearl na mtoto mchanga, miguu yote minne ikibishana.

Orrin akahesabu. Akahesabu tena, akianzia upande wa pili. "Ishirini na moja, mama."

Na siku hiyo ndiyo Bibi Misitu, Marit Haugen, alikuwa anakuja kukagua kambi.

"Tumfiche," nikasema.

"Mimi sifichi kitu."

"Basi kateke maji, mzee. Polepole."

Nikamsukuma mtoto ndani ya hema la jikoni, katikati ya magunia ya unga. Marit akafika, akatazama shimo la moto, akatazama chakula tulivyokining'iniza juu dubu wasikifikie. Kisha akageukia wanyama. Nilichosahau ni kwamba nyumbu huwa vichaa kwa mtoto wa farasi. Wote kumi na tisa waliacha majani wakalizunguka hema langu, masikio mbele kama waumini. Pearl alipiga kengele mlangoni.

"Mama Verlene, unapika nini humo?"

"Maharage."

"Nyumbu wanapenda maharage hivyo?"

"Yangu, ndiyo."

Maharage yakalia kwa sauti nyembamba.

Orrin akatua ndoo, akavua kofia. "Binti, ni ishirini na moja. Nilimwona mnene nikadhani ni majani. Andika."

"Miaka arobaini na farasi, Mzee Pruett?"

"Arobaini na mmoja."

Marit alikaza midomo isicheke. "Sheria haijali umri wa mnyama. Nikiondoka hapa mkiwa na ishirini na mmoja, kibali kimekwenda. Ila sijaanza kuandika. Nitakunywa kahawa kwanza."

Kahawa haijapoa, Orrin alikuwa ameshamfunga Duke kamba, wanateremka kwa miguu kwenda nyumbani. Duke hakutaka kumwacha mtoto. Alikokotwa kwa kwato nne mpaka chini, ndiyo maana njia ile imezama kama mfereji. Marit akahesabu upya, akaandika ishirini, akaomba maharage.

Orrin alirudi kesho yake jioni, malengelenge miguuni, anapiga mbinja.

Siku hizi kengele anaivaa yule wa ishirini na moja, jike kama mama yake, na Pearl anastarehe nyumbani. Kila kiangazi kabla ya kupanda, Orrin hukagua matumbo yote, hata ya nyumbu, ambao hawazai. Mwaka jana alilitazama na langu. Nina miaka sabini na sita.