Jembe la Kaburi la Kaka

Shule niliiacha mapema, lakini malori yanayotoa kokoa Bujonde ni yangu, na ile nyumba ndefu unayoiona ukiingia Ipyana niliijenga bila kushikwa mkono na mtu. Neno forensiki sikulikuta darasani. Nililikuta msibani.

Kaka yangu alikutwa asubuhi ufukweni, miguu ikiwa majini. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda juu kama moshi, na mpaka leo nikifumba macho namwona kaka akiingia ndani ya moshi ule, taratibu, kama anayekwenda kuoga.

Watu wakanong'ona kwamba nimemtoa kafara nipate malori. Baba mdogo hakunong'ona.

"Tajiri," akaniita mbele ya watu, "zamani wazee wangempasua hapa hapa, wakatazama tumboni kama ni uchawi. Jembe la kaburi hulishiki mpaka tujue."

Kwetu, asiyemchimbia ndugu yake kaburi amekwisha. Malori hayamwokoi.

"Basi apasuliwe," nikasema, "ila na daktari."

Nikaenda polisi mwenyewe. Daktari waliyemleta alikuwa kijana wa Tanga, mpole. Akaniambia, "Kazi hii ni forensiki, bosi. Kupasua ni sehemu tu. Unachunguza kitu ili jibu lake liweze kusimama mahakamani, hata likibishiwa." Nililipenda neno lile. Mimi nimebishiwa maisha yangu yote, na nimesimama.

Alipomaliza akaja migombani kwetu, akawaeleza ndugu wote: mshipa wa moyo uliziba. Mapafuni hamkuwa na maji. Kaka alianguka pale ufukweni akiwa ameshakata roho.

Upepo ukapita kwenye migomba. Baba mdogo akakohoa.

"Sawa, daktari. Mshipa uliziba. Nani aliuziba?"

"Hilo, mzee wangu, sina kipimo chake. Siwezi kulisema."

Mimi, ninayewashinda kwa maneno hata madalali wa mpakani Kasumulu, niliona hapo maneno hayafai kitu. Nikajua nimekwisha.

Baba mdogo akawageukia ndugu.

"Angekuwa amehongwa," akasema, "hata hilo angelijibu."

Akanisukumia jembe.

Udongo ulikuwa mweusi, laini kama wali uliopoa. Nilichimba nikiwa kama usingizini, na kila nilipoinua kichwa niliuona ule moshi wa ziwani, ukipungua. Nilipotoka shimoni baba mdogo alinipa mkono.

"Ndaga, mwanangu," akasema; ndiyo asante yetu, na pole yetu.

Hakuniita Tajiri tena.